Mtu wa kujitolea anakuja wiki tatu: tumwombe nini?



Jumanne ya wiki iliyopita nilipita Mabwepande kwenye kikundi kimoja cha vijana wanaolima mchicha, chainizi, bamia na pilipili hoho kwenye ekari moja na robo. Sikuwa na ratiba nao siku hiyo. Dada mwenyekiti ndiye aliyenipigia saa mbili asubuhi: "Afisa, pita basi hata dakika kumi, tumepata wazungu."

Kumbe shirika moja la nje limekubali kuwaletea watu wawili wa kujitolea, wiki tatu, bila malipo. Wanachotakiwa wao ni kuandika ukurasa mmoja tu, waeleze wanahitaji msaada gani. Mwisho Ijumaa. Kikao walishakaa Jumapili na orodha ilikuwa tayari: kitalu nyumba, pampu ya sola, simtanki la lita 5,000, kompyuta mpakato, na fulana zenye nembo ya kikundi. Mimi nilikuwa nimeitwa kunyoosha lugha tu.

Nikasoma, nikacheka, nikawaambia hii si barua ya kuomba mtaalamu, hii ni kadi ya mchango wa harusi. Wao hawakucheka. Mmoja akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike leo: "Sasa afisa, mtu amepanda ndege kutoka huko kwao kuja kutusaidia, tumwombe nini kama si vitu?"

Ni swali la haki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa watu wa kujitolea sisi tumeigeuza. Mgeni anafika na jembe lake mkononi anataka kulima, tunampa kiti cha plastiki na soda baridi, halafu tunasubiri afungue begi.

Nikawasimulia kilichotokea Chamazi, na nyie nawasimulia, pamoja na sehemu yangu ya aibu.

Miaka kadhaa nyuma kikundi kimoja cha kule kilipata wageni sita kwa wiki mbili. Vijana wazuri kweli, wachapakazi, wanaamka kabla yetu. Walikuja na fedha walizochangisha kwao, wakajenga kitalu nyumba cha mita nane kwa kumi na tano, wakafunga mipira ya matone, wakapanda nyanya. Siku ya uzinduzi alikuwepo mwenyekiti wa mtaa, kukawa na pilau, na mimi nilikuwepo nakula. Wageni wakaondoka Jumamosi.

Mwezi wa pili nyanya zilikuwa juu ya kichwa cha mtu. Halafu zikaanza kulegea mchana na kuamka jioni. Baada ya siku chache haziamki tena, na majani bado ya kijani. Nilikata shina moja karibu na ardhi, nikalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, na haikupita muda ukaanza kushuka uzi mweupe kama maziwa. Mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kupuliza, na unakaa ardhini miaka. Nikauliza hapa palilimwa nini kabla ya kitalu. Wakajibu bilinganya, misimu mitatu mfululizo, na nyingine zilikuwa zinakufa hivyohivyo. Bilinganya na nyanya ni ukoo mmoja, zinaambukizana. Wenyeji walijua zimekufa, wageni walijua kujenga, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kuna na joto. Kitalu cha nailoni kinafanya vizuri Lushoto, kinafanya vizuri Njombe. Huku kwetu, Februari saa nane mchana, mle ndani huwezi kusimama dakika tano. Nyanya ikipata joto la kupita nyuzi 35 mchana na usiku nao usipoe, maua yanapukutika bila kushika tunda. Ukanda wa pwani unahitaji neti na upepo zaidi kuliko nailoni. Hilo nilikuwa nalijua siku wanachimbia nguzo. Nilinyamaza, maana niliona wageni wameshanunua vifaa na sikutaka kuonekana mchawi wa maendeleo ya vijana. Nguzo zile leo zinaanikiwa nguo. Nailoni imeezeka banda la kuku la mtu.

Wale wageni walipopigiwa simu walisikitika kwa dhati. Lakini walikuwa wameshaanza muhula chuoni. Wangefanya nini?

Msije mkanielewa vibaya, siandiki kuwaponda. Nchi hii imefaidika na watu wa kujitolea tangu kabla ya Uhuru, ila ukiangalia zile safari zilizozaa matunda utakuta zinafanana kwa jambo moja: wenyeji walijua wanataka nini.

Mwaka 1961, bendera ya Uingereza ikiwa bado inapepea, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kupokea watu wa Peace Corps, mpango wa kujitolea ulioanzishwa na Rais John F. Kennedy mwaka huohuo. Hebu angalia walikuja akina nani. Wapima ardhi, wanajiolojia na wahandisi. Nchi inakaribia kujitawala, mazao yako mashambani, barabara za kuyatoa hazipo na wapimaji ni wachache. Wakaombwa watu wa kupima na kupanga barabara pamoja na mafundi wetu. Kazi ina jina, unaweza kuikagua ikiisha. Baadaye siasa zikaharibika, wakaondoka mwaka 1969, wakarudi 1979. Lakini barabara ikishapimwa haipandi ndege na aliyeipima.

Na kuondoka wataondoka, tena wakati mwingine ghafla. Machi 2020, corona ilipopamba moto, Peace Corps iliwarudisha nyumbani watu wake wote duniani, karibu 7,000, hata waliokuwa hapa Tanzania. Mtu alikuwa na shamba darasa kijijini, Jumapili anapata taarifa, wiki haijaisha yuko kwao. Jiulize kwenye kikundi chako: mtu huyo angeondoka leo usiku, kesho asubuhi nani angejua pampu inawashwaje, daftari liko wapi, mbegu ilinunuliwa duka gani?

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, wa ng'ombe.

Alikuwepo Mmarekani mmoja, Dan West, mkulima na mtu wa kanisa. Miaka ya 1930, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania, alikwenda kujitolea kugawa maziwa kwa watoto. Maziwa yenyewe machache, watoto wengi, kesho yake wako foleni tena. Akaona kikombe hakitoshi, familia inahitaji ng'ombe. Akarudi kwao, na mwaka 1944 mitamba ya kwanza ikapakiwa melini kwenda Puerto Rico. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, maelfu ya Wamarekani, wengi wao vijana wa mashambani, walipanda meli kuwahudumia farasi na ng'ombe waliopelekwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya hiyohiyo. Poland, Ugiriki, hata Ujerumani, wakulima wao walikuwa hawana kitu, na walipokea. Hilo niliwaambia Mabwepande makusudi, maana kuna kijana alikuwa anaongea kana kwamba kupokea ni tabia ya mtu mweusi.

Shirika lililotokana na wazo hilo ni Heifer, na hapa kwetu limefanya kazi tangu mwaka 1974. Wazazi wenu wanalijua kwa jina la mtindo wake: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Huletewi mnyama kwanza. Kwanza ujenge banda, upande malisho, matete au guatemala, uyaone yameota. Kwanza uhudhurie mafunzo. Ndipo unapata mtamba mwenye mimba. Akizaa jike, unamlea, na huyo si wako, anakwenda kwa jirani aliye kwenye orodha. Jirani naye hivyohivyo.

Kwa nini mtindo huu umedumu kuliko vitalu nyumba vingi nilivyoona? Nimelifikiria sana hili kwenye bodaboda. Ng'ombe wa bure akiugua, wewe na mkeo ndio mnahangaika. Ng'ombe wa mkopo akiugua, jirani anakuja saa kumi na mbili asubuhi kumwangalia, maana ndama aliye tumboni ni wake. Ukichelewa kumwogesha kupe wakamjaa, na pwani hii ndigana kali haina mchezo, atakusema mbele ya kikundi kizima. Msimamizi wa mradi anakuwa mtu anayekaa nyumba ya tatu, hahitaji visa wala posho. Rwanda nao walipoanzisha Girinka mwaka 2006, mpango wao wa ng'ombe mmoja kwa kila familia maskini, waliweka sharti linalofanana na hilo la ndama wa kwanza kwenda kwa mwingine.

Simaanishi haukuwa na dosari. Kuna waliouza ndama kimyakimya wakasema amekufa. Kuna waliopewa ng'ombe bila kupiga hesabu ya chakula chake: mnyama wa kilo 400 anataka kama kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na maji ndoo tatu au zaidi, kila siku, hata siku ya msiba. Mjini hapa, mtu mwenye kiwanja cha robo ekari Toangoma atayatoa wapi? Ndiyo maana mafunzo yalitangulia mnyama.

Na mkitaka kuona mbali ambako ng'ombe mmoja mmoja anaweza kufika, fungueni friji ya duka lolote Kinondoni. Wafugaji wadogo wa Tanga walianza kusaidiwa na Waholanzi miaka ya 1980, wakajenga vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1996 ikaanzishwa Tanga Fresh, wao wakiwa na hisa pamoja na wafugaji wa Uholanzi. Huo mtindi mnaokunywa na chapati asubuhi ulianza kwa watu wenye ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba. Mgeni hakuja kukamua. Alikuja na utaalamu na mtaji, mwenyeji akaleta ng'ombe, majani na chama.

Mpango mwingine wa kujifunza ni ule wa mkulima kwa mkulima wa Wamarekani, ulioanza miaka ya 1980 kwa fedha za serikali yao. Mkulima au mtaalamu wa kule anajitolea wiki mbili mpaka nne kwa kikundi cha nchi nyingine. Umepewa jina la John Ogonowski, rubani wa moja ya ndege zilizotekwa Marekani tarehe 11 Septemba 2001, ambaye nyumbani kwake Massachusetts alikuwa mkulima na aliwasaidia wakimbizi kutoka Kambodia kupata mahali pa kulima mboga zao. Mpango huo uliwahi kufanya kazi hapa Tanzania. Kitu kizuri kwao ni kwamba hawatumi mtu mpaka kikundi kiandike tatizo lake na kazi inayotakiwa. Aliyeandika "tunaomba msaada wa kilimo" alirudishiwa karatasi. USAID ilipofungwa mwaka 2025, milango mingi ya namna hiyo ikafungwa au kupungua, kwa hiyo hao wawili wanaokuja Mabwepande ni bahati ambayo haiji kila mwaka. Ndiyo maana nilikasirika kidogo na zile fulana.

Nitoke nje ya mada dakika moja. Mzungu akijitolea tunapiga makofi. Kijana wetu aliyemaliza SUA akija kujitolea ofisini kwetu miezi sita, anaulizwa nauli atatoa wapi na kama kwao wana uwezo. Na huyo ndiye anayejua mnyauko wa Chamazi, anaongea lugha yenu, na hana tiketi ya kurudi popote. Kikundi kinachoweza kumlipia nauli na chakula cha mchana kijana wa namna hiyo kwa msimu mmoja, kimepata mtu wa kujitolea ambaye wengi hawamhesabu. Haya, turudi.

Kabla ya barua, jambo la sheria, maana limeshawaponza watu. Mgeni aliyeingia kwa visa ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi, hata kama ni ya bure, hata kama ni kupanda mche mmoja mbele ya kamera. Wa kujitolea anatakiwa awe na kibali cha Uhamiaji. Kwa anayekaa muda mrefu ni kibali cha ukaazi daraja C, kwa wa muda mfupi kuna pasi yake maalumu. Kazi ya kukitafuta ni ya shirika linalomleta, lakini nyie mwenyeji ombeni nakala muione kabla hajafika. Pia mpitisheni serikali ya mtaa akasaini kitabu cha wageni. Msisubiri aulizwe yeye mkiwa shambani.

Sasa barua yenyewe. Niliwaambia wafunge daftari tuingie shambani. Tuzunguke, kila mmoja anionyeshe kitu kinachomla hela na hakijui.

Haikuchukua muda. Hoho. Majani yameungua kwenye kingo, kahawia, kuanzia yale ya chini. Mimea imedumaa. Wameshapuliza dawa ya ukungu mara tatu, na bei ya dawa mnaijua. Nikainama kwenye tuta. Udongo uliokauka una utando mweupe juu kama unga uliomwagika. Nikaonja maji ya kisima kwa ncha ya ulimi. Nikawauliza mchicha vipi? Mchicha uko vizuri. Maharage mliyojaribu mwaka jana? Yalikufa yote.

Mkulima mwenye miaka ya kutosha pwani hii ameshajua naelekea wapi. Chumvi. Maharage ndiyo ya kwanza kulalamika, hoho inafuata, mchicha unavumilia. Lakini chumvi hiyo inatoka wapi? Visima vyetu vingi vya ukanda huu vina chumvi, hilo lipo. Ila hawa pia wanamwaga samadi ya kuku mbichi, kiroba juu ya kiroba, kila wanapopanda, na samadi ya kuku ina chumvi nyingi. Kama tatizo ni kisima, dawa yake ni moja: kuchagua mazao, kuvuna maji ya mvua ya kuchanganyia, au kutafuta maji mengine. Kama ni samadi, dawa ni tofauti kabisa na ni rahisi zaidi: punguza, oza kwanza, mwagilia maji mengi yasukume chumvi chini ya mizizi. Ukikosea kati ya hizo mbili unaweza kuchimba kisima kipya cha mamilioni na hoho ziendelee kuungua.

Hilo ni swali la wiki tatu. Linapimika. Mwongozo wa FAO unasema maji ya umwagiliaji yenye kipimo cha chumvi chini ya desisimensi 0.7 kwa mita hayana shida, kati ya 0.7 na 3.0 yanataka uangalifu, juu ya 3.0 ni hatari kwa mazao mengi. Kifaa cha kupimia kinaingia mfuko wa shati. Udongo unaweza kupelekwa maabara, SUA Morogoro au TARI Mlingano kule Tanga.

Tukaandika upya, chini ya mwembe, dada mwenyekiti ndiye anayeandika. Tatizo: hoho zinaungua, tunahisi chumvi, hatujui ni ya maji au ya samadi. Tunaomba mtu mmoja anayejua udongo na maji, wa pili si lazima. Tumeshatenga matuta sita: mawili ya samadi kama kawaida, mawili ya samadi iliyooza na kwa kiasi kidogo, mawili bila samadi, yote maji ya kisima kimoja. Wanachama wawili, majina haya hapa, watakuwa naye kila siku na ndio watakaoshika daftari na kifaa akiondoka. Na kabla hajaondoka, hao wawili watakwenda kuwapimia maji vikundi viwili vya jirani, yeye akiwa amekaa pembeni anaangalia tu.

Hiyo ya mwisho niliisisitiza mimi, na kidogo tugombane. Kijana mmoja alisema kwa nini tuwape washindani wetu wa soko la Mwenge utaalamu wa bure. Nikamuuliza kifaa kikiharibika mwezi wa nne, atamkumbusha nani kusoma daftari. Alinyamaza. Sijui kama alikubali au alichoka. Fulana waliniomba ziachwe mstari wa chini kabisa, nikawaambia basi andikeni mtachangia nusu ya gharama. Wakazifuta wenyewe.

Barua ilikwenda Alhamisi, siku moja kabla. Jana jioni jibu limerudi. Mmoja wa wale wawili ameahirisha, anakuja mmoja, mama mstaafu aliyefanya kazi maabara ya udongo. Ameuliza maswali mawili: kisima kina kina cha mita ngapi, na maji ya mwanzo wa kuvuta yana ladha sawa na ya mwisho?

La pili hatukuwa tumelifikiria, hata mimi. Jumamosi saa moja asubuhi tunakutana pale kisimani tukiwa na chupa nne safi na kalamu ya kuziandika. Ya kwanza tunaichota pampu ikiwashwa tu, nyingine kila baada ya nusu saa. Vikundi vya Bunju na Mbweni wenye visima, njooni na chupa zenu.